Mshipa wa kongosho unavuja damu, ni lazima apasuliwe?

Shikamoo dokta. Kaka yangu anaumwa kongosho miaka sasa, mwezi uliopita akaanza kupata choo cheusi kama lami, akaishiwa damu, wakaingiza kamera tumboni wakasema hawaoni kidonda, wiki mbili baadae choo cheusi kikarudi. Sasa siti skani inaonyesha ateri imetuna karibu na kongosho na wanataka kuiziba kwa kupitia kwenye kinena. Tatizo liko tumboni, kinena cha nini? Na wakiziba, bandama si itakufa?

Marahaba dada. Kamera kukosa kitu wala isikushangaze. Kongosho lililovimba muda mrefu linavujisha maji yake ya kusagia chakula, na yale maji hayachagui, yakifika kwenye ukuta wa ateri yanaula taratibu mpaka unalegea na kutuna kama tyubu inavyochomoza palipochanika tairi. Inayoumia sana ni ateri ya bandama, sababu imelalia kongosho lenyewe. Damu inapita mfereji wa kongosho mpaka utumbo mdogo, inatoka, inaganda, inaacha, inaanza tena, sasa kamera ikipita siku imeacha inakuta kweupe.

Kinena ni njia tu. Ateri ya pale ukiifuata kwenda juu unafika kwenye mshipa mkuu wa tumboni. Anachomwa ganzi hapohapo, anaingizwa kimpira chembamba, kama milimita 2 hivi, daktari anakiongoza huku macho yake yakiwa kwenye skrini ya eksirei, akifika anaachia koili, yaani vijiwaya laini vinavyojikunja kama springi ya kalamu, damu inagandia hapo. Tena anaziba pande zote mbili za huo mtuno, maana ukifunga mlango wa mbele tu damu itazunguka mishipa ya pembeni iingilie uani.

Bandama ina mishipa mingine midogo inayoilisha, mara nyingi inapona, ingawa kipande kinaweza kufa akapata homa na maumivu ubavu wa kushoto. Ateri ambayo haifai kuzibwa kabisa inaweza kuwekewa stenti iliyofunikwa, yaani kijibomba kinachokaa ndani ya mshipa, damu ikapita ndani yake bila kuugusa mtuno. Kama ana shida ya figo aseme mapema, ile dawa ya kuonyesha mishipa inazichosha. Ikivuja tena wanaweza kurudia, ikishindikana ndio kisu.

Ila msikubali kuondoka eti imeacha yenyewe, kuvuja kidogo hivyo mara nyingi ni hodi tu. Baada ya kuzibwa choo kinaweza kubaki cheusi siku mbili tatu, ni damu ya zamani hiyo. Kikiwa cheusi upya huku ana kizunguzungu na jasho la baridi, hospitali usiku huohuo.