Kama Masikio Yako Yamelelewa na Taarabu, Kinanda cha Roki Hakitakushinda

Mwaka 1989 nilikuwa najifunza ufundi redio kwenye kibanda kimoja cha Ngamiani, hapa Tanga. Baharia mmoja alileta redio kaseti yake iliyokuwa ikitafuna mikanda, akalipa nusu, na meli ikang'oa nanga kabla hajarudi kuichukua. Ndani mlikuwa na kaseti isiyoandikwa kitu. Fundi wangu akaamua iwe ya kujaribia spika.

Mwanzoni ilinichosha. Maji yanatiririka, ndege wanalia, kisha magitaa yanaparamiana kana kwamba kila mpigaji ana wimbo wake. Kwenye dakika ya 12 hivi, baada ya uimbaji wa polepole, kikaingia kinanda kikubwa cha kanisa, kikajaza kibanda chote. Niliweka bisibisi chini. "Rudisha nyuma, mwanangu," fundi akasema. Nikarudisha.

Jina nilikuja kulipata miaka mingi baadaye, intaneti ilipofika: "Close to the Edge" ya bendi ya Yes ya Uingereza, 1972, karibu dakika 19. Kinanda kile alikipiga Rick Wakeman ndani ya kanisa la St Giles-without-Cripplegate, London. Wenyewe huuita muziki huo roki ya progresivu.

Wewe usianzie nilipoanzia mimi. Anza na "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum, 1967. Ni dakika 4 tu, na kinanda cha Matthew Fisher kinaimba kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kisha tafuta Deep Purple wa miaka ya 1970, umsikie Jon Lord: alipitisha kinanda chake kwenye amplifaya ya gitaa, ndiyo maana kinanguruma vile. Ukishazoea, ndipo uingie kwenye vibao virefu.

Na urefu usikutishe. Sisi watu wa pwani tumekulia kwenye bashrafu, ala zinazungumza peke yake na hakuna anayeuliza wimbo unaanza lini. Mimi nilishindwa siku za mwanzo kwa sababu nilikuwa nangojea maneno. Nilipoketi kama ninavyoketi kwenye taarabu, nikifuata ala moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, njia ikaonekana. Fanya hivyo: mara ya kwanza fuata kinanda, mara ya pili gitaa la besi, mara ya tatu achia masikio yaende yanakotaka.

Spika ya simu, hapana kabisa. Besi ya kinanda hupigwa kwa miguu, na simu inaitupa yote. Azima hata hedifoni.

Jambo lililonifunga moyo kama fundi ni kinanda cha Hammond chenyewe, kile cha umeme walichopiga Fisher na Lord. Laurens Hammond alianza kukiuza Marekani mwaka 1935. Ndani yake hakuna mabomba ya hewa kama kile cha kanisani. Vile vya aina ya B-3 vina magurudumu madogo ya chuma 91, yanazungushwa na mota mbele ya sumaku, na kila gurudumu lina sauti yake. Mota hiyo hufuata mapigo ya umeme: kilichotengenezewa umeme wa Marekani wa hezi 60, ukikichomeka kwenye wetu wa hezi 50, sauti zote zinashuka chini ya zinavyotakiwa. Kwa hiyo ukiona cha mtumba kinauzwa, uliza hilo kabla hujatoa hela. Ule mtikisiko wa sauti unaouma moyo unatoka kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani ina pembe inayozunguka. Sikiliza mpigaji anapoihamisha kutoka mwendo wa taratibu kwenda wa kasi. Mimi hapo hadi leo nasisimka.

Kaseti ya baharia ninayo bado. Mkanda umelegea, na kinanda kinapoingia kinayumba kidogo. Nakala safi ninayo pia, lakini usiku upepo wa bahari ukianza kuvuma, mkono wangu huenda kwenye ile ya zamani.