Nimechemsha ngozi ya podo, mbona haikuwa ngumu?

SWALI: Hujambo fundi? Mimi ni mwalimu wa drama katika shule ya upili hapa Kasarani. Wanafunzi wangu wanaigiza wawindaji wa Uingereza wa karne ya 14, nami nimeamua kuwashonea nyumbani podo la mishale, ala ya kisu na kinga ya mkono unaoshika upinde. Nilisikia kwamba zamani walichemsha ngozi ikawa ngumu kama ubao. Nimenunua ngozi nyeusi ya ng'ombe, milimita 2, nikaichemsha dakika kumi. Ilipokauka ilikuwa laini vilevile. Jirani ananiambia niipake vanishi mara tatu. Niichemshe zaidi ama nipake?

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo, mwalimu. Tatizo si dakika ulizochemsha, ni ngozi uliyouziwa.

Chukua kipande ulichokata utazame ukingo wake kwenye mwanga. Juu ni nyeusi, lakini katikati utaona rangi ya majivu iliyochanganyika na buluu. Hiyo ni ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi ya madini ya kromu, na ndiyo imejaa madukani Nairobi kwa sababu inafaa viatu, mikoba na viti. Chumvi ya kromu hufunga nyuzi za ngozi kwa nguvu hivi kwamba maji yanayochemka hayazitikisi. Tena hapa kwetu, kwa huu mwinuko wa mita kama 1,700, maji huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 tu, hayafiki 100. Sufuria yako haikuwa na uwezo wa kuibadilisha ngozi hiyo.

Ngozi ya hao wawindaji wako haikuijua kromu. Ilikaa mashimoni pamoja na magome ya mwaloni kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima na zaidi, ikinywa tanini, ile dawa ya magome inayozuia ngozi isioze. Kwetu tanini hutoka kwenye magome ya miwati, mti ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Ngozi ya magome hunywa maji kama mkate kwenye chai, ikifinyangwa ingali imelowa hushika umbo, na ikikauka hubaki nalo.

Kila mwezi naletewa kazi iliyoharibika kwa ajili ya neno moja: "Ngozi ni ngozi." Muuzaji akishasema ni ngozi halisi, mteja anatoa pesa. Ni halisi, ndiyo, ila imetiwa nini? Mwaka jana kijana mmoja aliniletea kinga ya mkono aliyoipaka vanishi, amevuna ushauri kama huo wa jirani yako. Niliikunja mara moja tu; ikalia kama ganda la yai, na vanishi ikaanguka mezani vipande vipande. Chini yake ngozi ilikuwa laini kama siku aliyoinunua. Amelipia ngozi, amelipia vanishi, na mishono yote ni ya kufumua.

Ile nyeusi iweke, itafaa mkanda wa kuning'inizia podo. Nenda katafute ngozi ya magome isiyotiwa rangi, ya milimita 3 hadi 4. Kwa mafundi wa soko la Kariokor ulizia ngozi ya soli au ya matandiko ya farasi. Iloweke kwenye maji baridi mpaka viputo viache kutoka, kisha izungushe kwenye bomba la plastiki au gogo lililochongwa, ukiifunga kwa kamba ya kitambaa. Usitumie waya wala misumari: chuma kikikutana na tanini kwenye maji huacha madoa meusi yasiyotoka. Ianike kivulini. Usiiharakishe kwa jiko. Ikikauka toboa kwa msharasi, shona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika kila tundu, halafu pasha nta ya nyuki uisugue juu.

Ngozi ngumu ya zamani ina jina la Kifaransa la kale, cuir bouilli, na maana yake ni ngozi iliyochemshwa. Jina hilo limewapoteza wengi. Ngozi ya magome ikichemshwa kweli hujikunyata na kuwa ngumu ya kuvunjika. Wanaojaribu njia hiyo kwa uangalifu huiloweka kwanza, kisha huichovya kwenye maji ya nyuzi 80 hivi kwa muda mfupi na kuitoa mara inapoanza kujikunja. Ukitaka, jaribu kwa kinga ya mkono peke yake, na uanze na vipande vya kutupa ili uone inapungua kiasi gani.

Na usikimbilie podo la mgongoni kwa kuwa umeliona kwenye filamu. Katika meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Mary Rose, iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982, vilipatikana visahani vya ngozi vyenye matundu 24, kila mshale na tundu lake, vilivyoshonwa ndani ya mifuko ya kitambaa. Visahani hivyo vilikuwa vya vita, si vya uwindaji, lakini kisahani hicho ni rahisi kukata na wanafunzi watakipenda.

Kinachoniudhi zaidi ni hawa wanaouza maarifa ya kutengeneza ngozi nyuma ya nyumba kwa siku tatu: ngozi mbichi ya mbuzi, chumvi, shabu (alum) na asidi ya betri. Shabu huifanya ngozi iwe nyeupe na laini, lakini ikilowa shabu hutoka na ngozi hurudi kuwa kavu na kakamavu. Asidi isiposafishwa vizuri hubaki ndani ikila nyuzi, hata siku moja unaivuta inachanika kama karatasi iliyolowa. Na hiyo unataka kumfunga mtoto mkononi, anatoka jasho? Wengine hata hukuletea ngozi ya swala. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na kupatikana na ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kosa mahakamani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akukatie ukanda mwembamba kama kidole, uutie kwenye maji yanayochemka mbele yake. Ngozi ya magome itajikunyata na kujiviringisha papo hapo. Ya kromu italala tu. Akikataa kukukatia, toka dukani.