Stringi inakatikia kwenye ng'ombe: ritifaa na alama za kunukuu

Umeuliza kwa nini 'ng'ombe wawili' inaleta eror kwenye Python (lugha ya programu) ilhali 'paka wawili' inapita. Tatizo ni ile ritifaa, yaani alama ya ' iliyo ndani ya neno. Stringi (maandishi yanayowekwa kati ya alama za kunukuu) iliyofunguliwa kwa alama fulani huishia pale alama hiyohiyo inapotokea tena, kwa hiyo yako ni ng tu. Yanayofuata yanasomwa kama msimbo, na alama ya mwisho inafungua stringi nyingine ambayo haifungwi popote. Ndiyo hiyo "unterminated string literal" unayoiona. Ukiandika 'ng'ang'ania' utapata eror tofauti, "invalid syntax", kwa kuwa alama zimekuwa nne na zote zina wenzake. Ugonjwa ni uleule.

Dawa rahisi ni kubadilisha alama za nje: "ng'ombe wawili". Python na JavaScript hazibagui kati ya moja na mbili. Java na C zinabagua: stringi ni alama mbili tu, moja ni ya herufi.

Zikikutana aina zote mbili, tumia mkwaju wa nyuma (\) kabla ya ritifaa: 'Akasema, "Ng\'ombe wamerudi."' Mkwaju huo hauhifadhiwi: len, inayohesabu alama za stringi, inatoa 7 kwa len('ng\'ombe'). Ila usiuache peke yake mwishoni, kama 'C:\data\', maana unaimeza alama ya kufungia. Hata kuweka r mbele ya stringi, ambayo kwa kawaida huiacha mikwaju ilivyo, haisaidii hapo, andika 'C:\\data\\'.

Kwenye SQL, lugha ya hifadhidata, ritifaa hurudiwa: 'ng''ombe'. Lakini kama neno linatoka kwa mtumiaji, tafadhali usiunganishe stringi kwa mkono. Mbali na eror, unamwachia mtu mlango wa kuingiza amri zake. Kwa sqlite3, moduli ya Python ya hifadhidata, alama ya kuuliza inashika nafasi ya neno:

cur.execute("INSERT INTO mifugo (jina) VALUES (?)", (jina,))

Alama ya kuuliza usiizungushie chochote, ukiandika '?' inakuwa stringi ya kawaida, na amri inakataliwa kwa kuwa jina halina nafasi ya kuingia. Na mkato baada ya jina si urembo: ukiusahau, "ng'ombe" inahesabiwa kuwa vitu 7 badala ya kimoja na amri inakataliwa.

JSON, muundo wa kubadilishana data, inakubali alama mbili tu, na \' ndani yake ni kosa; kwenye Python mwachie json.dumps kazi hiyo. Bash, programu ya amri za terminali, nayo haijali mkwaju ndani ya alama moja, inabidi ufunge na kufungua upya: 'ng'\''ombe'.

Kama yote haya umeyafanya na bado inagoma, kuza maandishi uzitazame alama zenyewe. Msimbo ulionakiliwa kutoka Word mara nyingi huja na zilizopinda, “ ” na ‘ ’, ambazo Python haizitambui kabisa. Zifute, uziandike upya kwenye kihariri chako.