Apatimenti kwa jirani, bungalo kwetu

SWALI: Tuna nusu eka Kileleshwa, upande wa bondeni, yenye bungalo ya zamani. Barabara ya juu wamejenga apatimenti. Sisi mpangaji miji anatuambia labda mezoneti mbili. Mbona?

JIBU: Uliza sewa, yaani bomba kuu la maji taka la mtaa. Mwongozo wa kanda za Nairobi wa mwaka 2004 uliweka Kileleshwa na Kilimani kanda moja, lakini ukaruhusu apatimenti pale tu penye sewa, zisizidi orofa nne. Penye sewa, jengo lilikubaliwa kufunika asilimia 35 ya ploti, na sakafu zote zikijumlishwa zifike asilimia 75. Pasipo sewa, zote mbili zilishuka hadi 25.

Nusu eka ni kama mita za mraba 2,023. Kwa asilimia 75 unapata sakafu ya mita 1,517. Ondoa ngazi na korido, zinabaki apatimenti kama 11 za mita 110 kila moja. Kwa asilimia 25 unapata mita 506, yaani mezoneti mbili za mita 250. Bomba tu ndilo limeamua nani atakaa mtaani.

Majengo marefu unayoyaona leo yalipata idhini zao moja moja, kwa hiyo usipige hesabu kwa kutazama jengo la jirani. Chukua viwango vya sasa kaunti kabla ya kumlipa msanifu.

Kisha pima mteremko hadi kwenye sewa. Bomba la milimita 150 hushuka mita 1 kwa kila mita 60. Manholi, yaani shimo la kuingilia sewa, ikiwa mita 30 kutoka kwenu, mnahitaji mteremko wa nusu mita. Kwa ploti ya bondeni, mara nyingi sewa iko juu yenu. Hapo ni pampu, au kupitisha bomba kwa jirani wa chini kwa ruhusa yake ya maandishi. Wengi hukwama kwenye ruhusa hiyo.

SWALI: Kubadilisha matumizi kutoka nyumba moja hadi nyingi kunaanzia wapi?

JIBU: Anzia kwenye hati ya ardhi, si kaunti. Lisi nyingi za Nairobi, yaani mikataba ya kukodi ardhi kwa miaka mingi, zina sharti la nyumba moja tu ya kuishi. Kaunti ikikubali na lisi ibaki vilevile, majirani wana pa kushika mahakamani, na benki haitagusa mradi.

Baada ya hapo mpangaji miji aliyesajiliwa huandika ripoti, mnabandika tangazo kwenye ploti na kulitoa magazetini, majirani wanapewa siku 14 za kupinga. Sheria ya 2019 ya upangaji wa matumizi ya ardhi inasema kaunti ikinyamaza siku 60, ombi limekubaliwa. Msijengee kimya hicho, fuatilieni barua. Mkikataliwa, rufaa ni ndani ya siku 14 kwa kamati ya kaunti ya upangaji ardhi (Liaison Committee), kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

SWALI: Nikigawa bungalo ndani ziwe bedsita sita bila kugusa kuta za nje, nahitaji kibali?

JIBU: Ndiyo. Familia moja kuwa sita ni mabadiliko ya matumizi hata rangi ya nje isipobadilika, na tangi la maji taka lililochimbwa kwa watu watano litafurika kabla askari wa kaunti hajafika. Faini ya kuendeleza bila kibali hufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili.