Mkuu, hiyo pampu usiifunge karibu na injini

Simama hapo hapo, usitoboe tundu hata moja. Umeandika kwamba Mustang yako ya 1967 yenye V8 ya inchi za ujazo 289 unaitoa kabureta unaitia injeksheni (kompyuta ndiyo inayopima mafuta, injekta zinayapuliza kwa presha), na pampu ya umeme ya petroli utaifunga ndani ya boneti "iwe karibu na injini, nyaya zisionekane". Halafu ukauliza kama bomba la inchi 3/8 linatosha, kama bomba la kurudisha mafuta kwenye tenki lina ulazima, na filta zikae wapi. Hayo tutayafikia. Au tusiyafikie. Pampu kwanza.

Pampu ya aina hiyo ni hodari wa kusukuma, kuvuta ni dhaifu. Mimi nilifundishwa hilo kwa bei ya injini nzima.

Nina Chevrolet Chevelle ya 1970, V8 350, hapa Houston, nayo niliitia injeksheni kama unavyotaka wewe. Fundi mmoja mwenye gereji inayong'aa na kahawa ya bure (hapo ndipo ningeshtuka) aliniambia "pampu ikikaa karibu na injini presha haipotei njiani". Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini: nilikuwa naukwepa mzigo wa kushusha tenki. Gari limesimama linanguruma, geji ya presha ya mafuta ikasoma psi 58, sindano imetulia tuli. Nikapiga picha nikawarushia washkaji Dar, nijisifu.

Ile geji ndiyo iliyonimaliza. Gari likiwa limesimama linakunywa kidogo tu. Ukikanyaga, pampu inafyonza kutoka tenki lililoko nyuma kabisa ya gari, presha ya upande wa kufyonza inashuka, na petroli ya huku yenye ethanoli, Julai, jirani na joto la injini, inachemka ndani ya bomba. Pampu inameza mvuke. Na petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha, kwa hiyo ukiisikia inalia kama mbu sikioni, ujue inajitafuna.

Yangu ililia miezi miwili. Nikaongeza sauti ya redio. Haya, chekeni.

Siku moja niko barabara kuu ya I-45 kuelekea Dallas, nikakanyaga nilipite lori. Kompyuta inazifungua injekta zaidi na zaidi, mafuta hayaji, ndani imebaki hewa na moto. Ukasikika mlio kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko, kisha moshi. Tulipofungua, plagi ya silinda ya 7 imeganda vichembe vya alumini, na kidole changu cha shahada kikapita kwenye tundu la pistoni. Dola 4,600 pamoja na gari la kuvuta. Mke wangu anaiita mahari ya pili, na anasema ile ya kwanza ilikuwa nafuu.

Nikamrudia yule bwana. Eti "labda pampu yako ilikuwa feki". Pampu aliniuzia yeye!

Kwa hiyo pampu iingie ndani ya tenki. Na wewe una bahati usiyoijua: kwenye Mustang za miaka hiyo tenki lenyewe ndilo sakafu ya buti, limeshikwa na skrubu pembeni. Limwage mafuta kwanza, kulitoa ni kazi ya mchana mmoja. Ukikataa kabisa, basi pampu ikae nje ubavuni mwa tenki, chini ya usawa wa mafuta yashuke yenyewe, na filta ya maikroni 100 (ile ya matundu makubwa) kabla yake. Ile ya maikroni 10, ya matundu madogo, inakaa baada ya pampu, usizibadilishane. Presha pima barabarani ukiwa umekanyaga, geji imebandikwa juu ya kioo cha mbele kwa nje. Usiingize mafuta ndani ya gari.

Bomba la 3/8 linatosha. Mpira wa zamani wa kabureta tupa, ulizoea psi 6. Tafuta ulioandikwa R9, alama ya mpira wa presha ya injeksheni. Bomba la kurudisha weka, bila ubishi. Rilei (swichi ya umeme ya pampu) na nyaya atakujibu mwingine, mimi nikishika waya nyumba nzima inazima.

Ila nijibu kwanza: tundu umeshatoboa?