Re: Ndege wa kutazama Kigoma, nianzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama mikoko ya Kigoma ina ndege wengi na kama Hifadhi ya Gombe inatosha kwa mgeni mwenye darubini ndogo. Mikoko huku hakuna kabisa, hiyo ni ya pwani kwenye maji chumvi. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi.

Mimi ningekuanzishia Ujiji. Shuka upande wa kusini hadi mto Luiche unapoingia ziwani, penye matete na mashamba ya mpunga. Fika alfajiri, maana jua likishapanda ndege wanajificha na wewe unabaki kuungua bure. Mtazame mdiria mweusi-mweupe: anasimama hewani akipiga mbawa, kisha anajitupa majini kama jiwe. Penye michikichi inua macho, yupo tai mweupe mwenye mbawa nyeusi anayekula ngazi, yaani matunda ya mchikichi! Tai mla matunda, wengi hawaamini mpaka wamwone.

Gombe nenda, ila msitu wake mnene unataka masikio kuliko macho. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona. Na wageni wote wanakimbilia sokwe, kwa hiyo mwambie mwongozaji mapema kwamba wewe umefuata ndege.

Korongo nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo mpana kama kiatu, usimtafute ziwani. Yuko kwenye mabwawa ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la Ramsar (ardhioevu iliyo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa) tangu 2000, na safari yake inataka boti, muda na pesa.

Ukiweza njoo Novemba hadi Machi, mbayuwayu wa Ulaya wanakuwepo. Beba koti la mvua.