Kabla Hamjaomba Uwanja, Jueni Nani Hachezi

Kila mkutano wa mtaa ukifika kwenye mengineyo, lazima kijana mmoja asimame aombe uwanja. Watu watapiga makofi, mtendaji ataandika, mwenyekiti atasema ombi limepokelewa. Mimi nimo kwenye kamati ya michezo ya mtaa wetu, huku pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na maombi ya namna hiyo nimeyaona yakizeeka ndani ya daftari la muhtasari. Hakuna anayeyakataa. Yanakaa tu, kwa sababu anayeyasoma hawezi kujua ni uwanja wa nani, wa mchezo gani, saa ngapi, na uwekwe wapi.

Kama na ninyi mmepewa kazi ya kujua mtaa wenu unahitaji nini kwa michezo na mapumziko, nawashauri muanze na watu wasiocheza. Vijana wa mpira wa miguu hawana shida ya kusikika. Watacheza kwenye korongo, watacheza kwenye kiwanja cha mtu ambacho hakijajengwa, watachomeka miti miwili na kuita goli. Mkienda na daftari jioni mkawauliza wao peke yao, mtarudi na jibu mlilokuwa nalo kabla hamjatoka nyumbani.

Njia tunayotumia sisi haina gharama. Chukueni daftari la shule, chora safu: watoto wadogo, wavulana, wasichana, wanaume, wanawake, wazee, wenye ulemavu. Pembeni weka nyakati: alfajiri, mchana, saa kumi na moja jioni, na baada ya jua kuzama. Kisha kaeni pale mnapopaita uwanjani mhesabu walioko. Siku ya kazi na siku ya mapumziko zihesabiwe mbali mbali. Mmoja wa wahesabuji awe mwanamke, kwa sababu kuna mambo mwanaume atayapita bila kuyaona.

Majira nayo yahesabiwe. Mvua za Dodoma zinaanza Desemba hivi na kukatika Aprili, na kwa miezi hiyo nusu ya watu wetu wako shamba. Ukihesabu Januari ukakuta uwanja mtupu, usiandike kwamba watu hawapendi michezo; wanapalilia. Julai na Agosti upepo unapiga, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sufuria lililofunikwa, na mazoezi mengi yanahamia asubuhi. Uwanja mmoja unaweza kuwa mzuri Mei na usiwe na maana Februari, hasa ukiwa kwenye udongo wa mbuga unaonata viatuni kama ugali.

Kwetu hesabu ilitushangaza kidogo. Alfajiri kuna watu wengi kuliko tulivyodhani, sana sana watumishi waliohamia na wizara kuanzia mwaka 2016 na kuendelea. Hawaji uwanjani kabisa. Wanakimbia pembeni ya lami, gizani, wakigombea nafasi na bodaboda. Kwenye mikutano ya mtaa hawaonekani kwa sababu mikutano inaitishwa wao wakiwa kazini, kwa hiyo hitaji lao halijawahi kuandikwa popote: njia salama ya miguu yenye taa. Wala si uwanja.

Wasichana ndio walionifikirisha zaidi. Wakiwa darasa la tatu, la nne, wamo kwenye rede na kuruka kamba kama wenzao wa kiume. Wakifika kidato cha kwanza, safu yao kwenye daftari inabaki tupu. Wanapita kandokando ya uwanja, wana ndoo.

Hapa nitoe onyo kuhusu maswali. Ukimuuliza mtu "unahitaji nini?", atakutajia alichokiona kwenye televisheni: nyasi bandia, jukwaa, taa kubwa. Si kwamba anadanganya, umemwalika aote. Muulize hivi: "Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?" Halafu: "Kwa nini hukuwa pale?" Mabinti walinijibu bila kusitasita. Mmoja, "Shikamoo mwalimu, mimi nilikuwa foleni ya maji." Mwingine akasema pale uwanjani hakuna choo. Wa tatu alicheka kwanza, kisha akasema kina kaka wa kijiweni wana maneno, na mama yake hataki arudi magharibi imeshaingia. Kwenye majibu hayo matatu hakuna hata moja linalodai uwanja mpya. Yanadai choo, siku zao maalumu, mtu mzima wa kusimamia, na bomba la maji lililo karibu.

Na netiboli haili ardhi. Uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25, na nguzo ya goli ina kimo cha mita 3.05, kitu ambacho fundi yeyote wa kuchomelea anakitengeneza. Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 una eneo la mita za mraba 7,140. Kwa hesabu ya eneo tupu, bila nafasi ya kupumua pembeni, hapo unaingiza viwanja kumi na vitano vya netiboli. Siwaambii mgawe uwanja wa mpira, vijana watanifuata nyumbani. Ila mtaa ukiambiwa hakuna eneo, ni vizuri kujua ni eneo la mchezo upi linalokosekana.

Wazee nao huwa tunawasahau kwa sababu wanacheza wamekaa. Nenda chini ya mwarobaini pale sokoni, salimia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, vizuri, na usiharakishe. Kuna bao pale, mashimo 32 na kete 64, kuna na drafti ya vizibo vya soda. Mzee mmoja aliniambia hitaji lao ni dogo: mti usikatwe barabara ikipanuliwa, na benchi ziwe na mgongo. Basi. Mimi niliandika kivuli na benchi kama miundombinu ya mapumziko, na mjumbe mmoja wa kamati akauliza kama tunafanya mzaha. Katika mji wenye jua kama letu, mti mkubwa una kazi kuliko jukwaa la zege. Wako wazee wanaongea Kigogo kwa raha zaidi kuliko Kiswahili. Nenda na mjukuu wa mtu, utapata maelezo marefu mara tatu.

Wenye ulemavu hutawakuta uwanjani, kwa hiyo kuwasubiri pale ni kupoteza muda. Waulizwe nyumbani. Kijana mwenye baiskeli ya magurudumu matatu alinionyesha anapokwama: mita chache tu za mchanga kati ya barabara na uwanja. Changarawe iliyoshindiliwa ingemaliza suala lake. Wasioona na viziwi wana majibu mengine kabisa, msiwajumlishe kwenye safu moja kama tulivyozoea kwenye fomu.

Baada ya watu, orodhesheni mlichonacho tayari. Mitaa mingi inajiona haina kitu huku ina shule ya msingi yenye kiwanja kikubwa kinachofungwa saa tisa alasiri. Ongeeni na mwalimu mkuu na kamati ya shule: nani atafungua geti, nani atafunga, kioo kikivunjika nani analipa, choo kipi kitumike. Andikeni, msiishie kwenye maneno, maana mwalimu mkuu akihamishwa mnaanza upya. Shule zenyewe zina sababu ya kukubali, zinahitaji viwanja vinavyotunzwa kwa ajili ya maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari.

Mtaambiwa kwamba jiji lina maeneo mazuri tayari. Ni kweli, Nyerere Square iko katikati ya mji, bustani ya Chinangali ipo, na Uwanja wa Jamhuri tunakwenda kushangilia timu ya Dodoma Jiji. Lakini mtoto wa miaka kumi wa Nzuguni au Nkuhungu hapandi daladala kila jioni kwenda kuruka kamba mjini. Kipimo changu ni kimoja: mtoto huyo anafika kwa miguu bila kuvuka barabara kuu? Kama hafiki, sehemu hiyo isiingie kwenye orodha yenu hata ingekuwa na maua.

Sasa ardhi, ambako ndiko mambo mengi yanakwama. Dodoma ilipangwa kwa muda mrefu na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1973 uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipopitishwa, ikavunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri. Jiji tumekuwa mwaka 2018, na kwa sensa ya 2022 tuko watu zaidi ya laki saba. Kwa kasi hiyo, eneo ambalo watu wamechezea miaka yote si lazima liwe la michezo kwenye mchoro wa mipango miji. Najua mtaa mmoja uliochangishana kusawazisha kiwanja, wakaja kuona bikoni za mtu, zile alama za mpaka wa kiwanja, katikati ya goli na goli. Kwa hiyo nendeni ofisi ya ardhi mkauone mchoro kabla ya kumwita mtu wa greda. Tafuteni yaliyoandikwa maeneo ya wazi na ya michezo, kisha mfike pale kwa miguu muone kama yapo kweli au yameshaota msingi wa nyumba. Mara nyingine hitaji kubwa la mtaa ni kuwekewa bikoni na kibao kwenye eneo lake lenyewe kabla halijaliwa.

Kuhusu nyasi, naomba nisemwe vibaya tu. Kila mtu anazitaka. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote ndani ya miezi mitano. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo ukimwagilia uwanja kamili wa mpira milimita tano tu kwa siku, unamwaga lita 35,700. Hizo ni ndoo 1,785 za lita ishirini, kila siku ya kiangazi, kwenye mtaa ambao yule binti amekosa mazoezi kwa sababu ya foleni ya ndoo mbili. Nilipoisoma hesabu hiyo kwenye mkutano, hoja ya nyasi ilijifunga yenyewe. Udongo uliosawazishwa, kutolewa mawe na miiba ya migunga, wenye mfereji wa kupitishia maji ya mvua, unatosha sana kwa uwanja wa mtaa. Miti pembeni yake imwagiliwe miaka ya mwanzo tu, mwarobaini haudeki.

Mkutano wa mtaa wenyewe msiutegemee kama chanzo pekee. Wanaozungumza ni walewale. Pitieni kikundi cha vikoba kina mama wakiwa wameshaweka hisa zao, pitieni kijiwe cha bodaboda mchana abiria wakiwa wachache, saluni, na hata kwenye vibanda vya kubeti, kwa sababu pale ndipo vijana wengi wanapotumia jioni yao na watakueleza kwa nini. Dodoso refu watu wanalijaza ili uondoke. Maswali matano yanatosha.

Mkishapata picha, andikeni ukurasa mmoja, mpaka mmoja na nusu, kwa ajili ya kamati ya maendeleo ya kata. Jedwali la daftari, mchoro wa kalamu unaoonyesha viwanja na umbali, na mahitaji matatu kwa mpangilio, kila moja likiwa na makadirio ya gharama kutoka kwa fundi mnayemjua. Ukipeleka mahitaji kumi na mbili, hakuna litakalochaguliwa. Afisa maendeleo ya jamii na afisa michezo wapewe nakala mapema, wasikutane nalo kwenye kikao.

Fedha: ombeni kwenye bajeti ya mapato ya ndani ya halmashauri, na kwenye mfuko wa jimbo kwa vitu vidogo vinavyoisha haraka. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu watu wengi wanaitaja vikaoni, lakini ile ni mikopo ya vikundi, inarudishwa. Uwanja wa watoto hautarudisha marejesho. Wakati mnasubiri, anzeni na vile ambavyo havisubiri bajeti. Sisi tulianza na nguzo za netiboli na ratiba iliyobandikwa ofisi ya mtaa, Jumanne na Alhamisi za wasichana. Vijana walinuna wiki za mwanzo. Sasa wengine ndio marefa.

Na kiongozi akitoa ahadi ya uwanja hadharani, msubirini ashuke jukwaani, mumwombe mtendaji aiandike kwenye muhtasari pamoja na tarehe, kisha mpige picha ukurasa huo na simu zenu kabla daftari halijarudi kabatini.